Pikipiki Ikufuate Wewe: Mwongozo wa Motokrosi kwa Binti Anayeanza

Nauza vipuri vya pikipiki Kirinyaga Road. Kabla ya kukaa nyuma ya kaunta nilishindana motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta na miruko, kwa miaka mingi, hasa Jamhuri Park hapa Nairobi, na mara kwa mara Garuga na Busiika kule Uganda. Wasichana wakisikia hivyo, swali lao la kwanza huwa la misuli: ninyanyue vyuma gani, nikimbie umbali gani, nitatoa wapi nguvu za kushika dude la kilo mia? Mimi nami huwauliza: wewe una kilo ngapi, na hilo dude lilitengenezewa mtu wa kilo ngapi?

Hilo ndilo nililotoka nalo kwenye mchezo huu, na mwongozo wote umesimama juu yake. Nina sentimita 158 na kilo 53. Pikipiki ya 250 fostroki (namba ni ujazo wa injini kwa cc) hutoka kiwandani na springi za mwendeshaji wa kilo sabini na kitu. Nikae juu yake bila kugusa chochote, na kila tuta litanirusha, kila mruko utanipokea kama zege. Watazamaji watasema huyu dada hana mikono. Mikono anayo, springi ndizo si zake.

Nguvu zinahitajika, sikatai, na nitazifikia. Lakini zije baada ya spana.

Chagua injini

Motokrosi hupangwa kwa ukubwa wa injini. Watoto huanza na 50 na 65, wakapanda 85, kisha 125 tustroki na 250 fostroki (tustroki huwaka kila mzunguko wa injini, fostroki kila wa pili), na juu kabisa ni 450. Hapa kwetu msichana mara nyingi huwekwa pamoja na wavulana wa injini yake, kwa hiyo usishtuke ukiwa peke yako kwenye mstari.

Kama ni mtu mzima wa chini ya kilo 60, ushauri wangu ni 125 tustroki. Kama hujafika sentimita 155, chukua 85 ya magurudumu makubwa, ile yenye la mbele la inchi 19. Ina uzito wa kilo sabini na kitu, 125 iko tisini na kitu, na 250 fostroki imepita mia. Kiti cha 85 hiyo kiko kama sentimita 87 kutoka ardhini, cha 250 kama 95. Dukani nambari hizo hazikuambii kitu. Zitaanza kusema siku pikipiki itakapolala kwenye tope mzunguko wa tatu, na wewe ndiye wa kuiinua.

Tena 125 inafundisha. Haina nguvu za chini, ukikosea gia inalala, ukifunga mafuta kwenye kona, yaani ukirudisha mshiko wa mafuta, unasahaulika hapo. Inakulazimisha kujua klachi, kujua gia, na kutunza mwendo uliokwisha kuupata badala ya kuutafuta upya kila baada ya kona. Nilipanda 250 misimu kadhaa kwa sababu mfadhili ndiyo aliyokuwa nayo, kisha nikarudi 125, na pale Jamhuri saa ya mkononi ilisema nina kasi zaidi na ile ndogo.

Wengi tunanunua zilizotumika. Usiulize kilomita, kwa sababu hizi hazina. Uliza saa za injini na lini pistoni ilibadilishwa. Tustroki ya mbio ni ya kufunguliwa na kukaguliwa pistoni baada ya saa 20 hivi, na muuzaji anayekuambia "hii haijawahi kuguswa" kana kwamba ni sifa amekupa habari mbaya. Iweke juu ya stendi, shika gurudumu la nyuma, livute juu na chini: likicheza, beringi za viungio vya shokapu au za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, zimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa spana, zilizolegea zinatoa sauti butu. Na kabla ya kuiwasha, fungua kisanduku cha filta ya hewa. Ukikuta vumbi limefika upande wa ndani wa filta, sema asante, aga vizuri, ondoka.

Mavazi, kwa ufupi

Helmeti mpya, yenye alama ya usalama ya ECE 22.06, inayokubana mashavu mpaka unaongea kama una pipi mdomoni. Usinunue iliyotumika hata ya rafiki, kwa sababu iliyokwisha kupiga chini haionyeshi kwa macho. Buti za motokrosi zenyewe, si gambuti wala buti za jeshi. Sisi wa namba 36 na 37 buti za watu wazima hutupwaya, na za vijana ni nafuu, lakini angalia kimo chake: nyingine huishia katikati ya muundi. Kinga ya kifua ijaribu ukiwa umevaa sidiria yako ya mazoezi, maana nyingi zimekatwa kwa kifua bapa na zinapanda hadi kooni ukiinama. Vikinga goti vyenye bawaba ni ghali na mimi ningevinunua kabla ya shati la rangi za timu. Suruali nyeusi. Sababu utaipata mbele.

Pima mbonyeo

Hapa ndipo pa kutulia. Ukisoma sehemu hii tu ukaacha zingine, sitakasirika.

Mbonyeo ni kiasi ambacho nyuma ya pikipiki hushuka ukiipanda. Unahitaji tepu ya fundi, kalamu na watu wawili. Weka pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi alama uliyoitia kwenye madigadi, juu yake wima. Tuseme umepata milimita 600. Andika.

Sasa shusha pikipiki chini, vaa kila kitu: helmeti, buti, kinga, hata maji ya mgongoni kama unayatumia. Mavazi yanaongeza kilo nyingi kuliko unavyodhani, mimi wa 53 huwa nimepita 60. Panda, simama juu ya vikanyagio mahali unaposimama ukikimbia, mtu akishikilia usukani kidogo tu usianguke. Ruka ruka mara mbili tatu ili shokapu itulie mahali pake. Wa pili apime tena. Akipata 497, umeshuka milimita 103. Pikipiki za watu wazima, 125 kwenda juu, zinataka 100 hadi 105, na kwa 85 ni chini ya hapo, kitabu chake kitakuambia. Kama umeshuka kidogo mno, legeza nati kubwa iliyo juu ya springi. Kama umeshuka mno, ikaze. Pima tena kila ukigusa.

Wengi huishia hapo, na kwa mtu mwepesi hapo ni nusu ya kazi. Teremka, iache pikipiki isimame yenyewe bila mtu, upime mara ya tatu. Uzito wake wenyewe unapaswa kuishusha milimita 30 hadi 40. Sasa sikiliza, kwa sababu hili linawachanganya hata mafundi: kama mbonyeo wako wewe umekaa sawa kwenye 103, lakini pikipiki peke yake inashuka 50, springi ni ngumu mno kwako. Macho yanakuambia ni laini, maana inashuka sana. Lakini ilibidi uilegeze kupita kiasi ndipo ikubali uzito wako mdogo, na kule kulegeza ndiko kunakoiangusha ikiwa peke yake. Kinyume chake, ikishuka 15 tu bila mtu, springi ni laini na umeikaza kuifidia. Hilo ni tatizo la wanaume wenye vitambi, halituhusu.

Springi ya mwili wako huagizwa. Ugumu wake hupimwa kwa niutoni kwa milimita, na wauzaji wazuri watakuuliza kilo zako ukiwa umevaa. Usidanganye kwa aibu, hakuna anayekupima kwa ajili ya harusi. Foki za mbele nazo zinataka springi zake. Za hewa ni rahisi zaidi, unapunguza hewa kwa pampu yake ndogo. Springi zile za kiwandani zifunge kwenye gazeti uziweke juu ya kabati.

Nilipobadilisha springi mara ya kwanza, tuta lile lile lililokuwa likinipiga teke la kiti mgongoni likawa tuta tu. Niliacha kuchoka dakika ya kumi. Sikuwa nimenyanyua chuma chochote kipya.

Baada ya springi kuna skrubu za shokapu, zile zinazobofya ukizizungusha, za kurekebisha kasi yake ya kushuka na kurudi. Zifunge zote taratibu ukihesabu mibofyo, andika hesabu hiyo, zirudishe palepale. Kisha ubadilishe moja kwa wakati, mibofyo miwili, ukimbie mizunguko mitatu, uandike ulichokihisi. Kijitabu changu cha mibofyo kilikuwa na mafuta, jasho na mchuzi, na wavulana walikuwa wanakiazima.

Mikono, miguu, kiti

Mkono wa klachi na wa breki ya mbele una skrubu ya kuuleta karibu na vidole. Uvute mpaka kidole kimoja au viwili viufikie bila kiganja kuacha usukani. Uelekeze chini kidogo, maana utakuwa umesimama, na kifundo cha mkono kinatakiwa kinyooke ukiwa umesimama, si umekaa. Uzi wa klachi ulainishwe mara kwa mara. Klachi ngumu inakula mkono wa mtu mdogo kabla ya mruko wowote.

Watu watakushauri ukate sponji ya kiti ili miguu ifike chini. Mafundi wa viti vya bodaboda watakufanyia kazi hiyo kabla chai haijapoa. Mimi sipendi. Kiti kikishuka, umbali kati yake na vikanyagio unapungua, na kila ukisimama unainuka kutoka kwenye kigoda. Motokrosi ni kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, na mapaja yatalipa. Miguu kugusa chini inahitajika sehemu moja tu, kwenye geti, kile kizuizi kinachoanguka mbio zikianza, na kwa geti kuna kipande cha mbao.

Vumbi na kimo cha Nairobi

Filta ya hewa ni sponji. Ioshe baada ya kila siku ya kukimbia: mafuta ya taa kwanza, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kivulini, uipake mafuta yake ya filta na kuifinya mpaka rangi ienee, ukingo uutie grisi. Usitumie petroli, inayeyusha gundi ya sponji, mbali na kwamba unaweza kuchoma nyumba. Kuwa na filta tatu kwenye mifuko safi ili usioshe usiku.

Tustroki haina oili ya injini inayozunguka kama ya bodaboda, unachanganya kwenye petroli. Kwa mchanganyiko wa moja kwa arobaini, lita 5 zinataka mililita 125. Tia kwenye dumu, tikisa, andika tarehe. Usimwachie kijana anayekusaidia piti, pale pikipiki zinapoandaliwa, kazi hii.

Halafu kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na injini inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Kabureta ikiachwa ilivyotoka kiwandani, hapa inamwaga petroli nyingi mno kwa hewa hiyo: injini inakohoa, plagi inakuwa nyeusi na kulowa. Unaweka jeti ndogo, ile skrubu yenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta. Sasa, ukiishusha pikipiki hiyo hiyo Mombasa, au hata Garuga kando ya ziwa ambako ni chini ya hapa kwa zaidi ya mita 500, hewa inakuwa nzito na ile jeti ndogo inainyima mafuta. Injini italia vizuri sana, itakimbia vizuri sana, kisha pistoni itakwama kwenye silinda. Safiri na jeti zako kwenye kikopo, na baada ya mizunguko michache ya kwanza toa plagi uitazame: rangi ya chai ya maziwa ni sawa, nyeupe ni hatari. Mwenye pikipiki isiyo na kabureta, ile ambayo kompyuta ndiyo hupima mafuta, ataruka aya hii akicheka.

Matairi: anzia 13 psi, shuka hadi 12 kukiwa na tope. Mtu mwepesi hahitaji hewa nyingi.

Kwenye geti

Sasa uzito mdogo unakulipa. Injini moja, kilo ishirini pungufu ya jirani: mita hamsini za kwanza ni zako ukizitaka. Nilikuwa nafika kona ya kwanza mbele ya vijana ambao baadaye walinipita mmoja mmoja, lakini kule mbele hakuna mawe wala vumbi la mtu.

Ukiwa mfupi, beba kipande cha mbao cha kukanyagia, kiweke upande wa mguu wa kushoto, na uwaulize wasimamizi kabla kama wanakiruhusu. Sawazisha udongo nyuma ya gurudumu lako kwa buti, jaza mashimo. Ubao wa sekunde 15 utaonyeshwa, kisha wa sekunde 5, na geti litaanguka kati ya sekunde 5 na 10 baada ya hapo. Usimtazame mwenye ubao tena. Tazama pini ya geti lako. Gia ya pili, kiti mbele kabisa, viwiko juu, kidevu juu ya usukani, klachi kwenye kidole kimoja. Geti likitikisika tu, achia klachi kwa mpangilio, usiitupe. Mtu mwepesi hana uzito wa kukandamiza tairi la nyuma, kwa hiyo likianza kuzunguka bure, sogeza makalio nyuma kidogo, usifunge mafuta.

Zoezi la hili halihitaji uwanja. Barabara ya udongo ya mita thelathini, kuanza na kusimama, mpaka klachi inanuka.

Ukishatoka

Bana pikipiki kwa magoti, si kwa mikono. Nikisimama kando ya njia ninamjua anayeanza kwa vidole vyake: ameshika usukani kama mtu aliyening'inia darini. Mikono ya hivyo inajaa damu, inakuwa mbao, vidole havivuti breki tena. Dawa yake ni magoti, kupumua (tunasahau kabisa), na kuachia vidole kidogo ukiwa hewani. Misuli ya mapaja na mgongo ndiyo ya kujenga. Kuchota maji na kupanda ngazi na ndoo mbili kulinifaa kuliko jimu, na baiskeli kwenye Ngong Hills kuliko vyote. Lengo ni kumaliza mbio kamili. Wanawake wa mashindano ya dunia hukimbia dakika 20 na mizunguko miwili juu yake, mara mbili kwenye mashindano mamoja. Jiwekee hiyo.

Kona: breki ukiwa umesimama na pikipiki imenyooka, kaa umechelewa, mbele ya kiti, mguu wa ndani unyooke mbele, uzito kwenye kikanyagio cha nje. Macho yatazame unapotoka, si mfereji ulio mbele ya gurudumu.

Miruko: anza na ule wenye mgongo bapa kama meza, ambao ukipungukiwa unatua juu yake bila msiba. Siku ya kwanza upande na kuushuka tu, bila kuruka. Kisha uongeze mwendo kidogo kidogo, mafuta yakiwa thabiti mpaka gurudumu la nyuma liachane na udongo. Anayefunga mafuta kwenye ukingo kwa hofu ndiye pua yake inayoshuka. Hewani, pua ikishuka fungua mafuta, ikipanda gusa breki ya nyuma ukivuta klachi injini isizime. Ni vizuri kuvijua hivi viwili, lakini ukijikuta unavihitaji kila mruko, rudi kwenye tepu na springi. Pikipiki iliyokaa sawa inaruka sawa.

Bendera zisome nyumbani. Ya njano inayopeperushwa: hatari ipo papo hapo, punguza mwendo, usipite mtu, usiruke. Nyeupe yenye msalaba mwekundu: wahudumu wa afya wako njiani. Ya bluu: wa mbele kabisa wamekufikia kwa mzunguko mzima, shika mstari wako, usiyumbe, watakupita wenyewe. Nyekundu: simama. Wanaoanza huona aibu na bluu. Kila mtu ameonyeshwa ya bluu.

Kuanguka

Utaanguka. Ukiwa chini, kwanza tazama nyuma yako wanaokuja, ndipo uitafute pikipiki. Kuiinua: geuza usukani, chuchumaa karibu nayo, shika ncha ya usukani ya chini kwa mkono mmoja na fremu chini ya kiti kwa mwingine, mgongo unyooke, inuka kwa miguu huku ukisogea mbele. Fanya zoezi hilo nyumbani ukiwa umechoka, si ukiwa mpya. Kama pikipiki yako ni ya kupiga kiki na wewe ni mfupi, isukume hadi kwenye ukingo wa udongo upate pa kusimama.

Mtulinga ndio mfupa wetu, karibu kila niliyekimbia naye ana alama hapo. Unapona. Kichwa ndicho cha kuogopa. Ukipiga kichwa ukaona kizunguzungu, kichefuchefu, au ukasahau ulivyofika hapo, siku imekwisha, helmeti imekwisha, na unarudi daktari akisema, si mfadhili akisema. Usifanye mazoezi peke yako. Soma bima yako mstari kwa mstari, maana nyingi hazilipi ajali za mashindano ya magari na pikipiki.

Yale wanaume hawakuambii

Viwanja vingi vina choo kimoja na foleni, na mavazi yale huchukua muda kuvua. Nenda kabla hujafunga buti. Hema dogo la kubadilishia au hata leso mbili na kamba kwenye pikapu ni kifaa cha mbio kama spana. Hedhi haifuati kalenda ya shirikisho: suruali nyeusi, vifaa vya ziada kwenye mfuko usiopitisha maji, ubadilishe kati ya mbio na mbio. Mama wa mpinzani wangu mmoja alikuwa na sanduku lake, tukaliita duka la dawa, na kila msichana alijua liko wapi. Hata tuliokuwa tukisukumana viwiko kwenye kona.

Leseni ya mashindano hapa Kenya inatoka KMSF, shirikisho la mbio za magari na pikipiki, kupitia chama chako. Kukimbia nje ya nchi kunataka ruhusa yao na karatasi za pikipiki, hasa kwa kuwa nyingi hazina namba za usajili. Risiti ya kununulia, hati ya forodha, picha ya namba ya fremu. Ziandae mapema, mpakani usiku si mahali pa kutafutia karatasi.

Watazame hawa

Siku za mvua nilikuwa nawasoma wenzetu kwa video. Ashley Fiolek wa Marekani ni kiziwi tangu kuzaliwa, na alitwaa taji la wanawake la nchi yake zaidi ya mara moja. Hakuweza kubadili gia kwa kusikiliza injini kama tunavyofanya, aliisikia kwa mtikisiko kwenye miguu na mikono. Ukiwa na msingi mzuri, tia pamba masikioni kwenye mazoezi mepesi, mahali pasipo na mtu mwingine, uone miguu yako inajua nini.

Kiara Fontanesi wa Italia ana mataji sita ya dunia, 2012 hadi 2015 mfululizo, kisha 2017 na 2018. Mtazame viwiko na kichwa, havitikisiki huku pikipiki chini yake ikicheza. Livia Lancelot wa Ufaransa alishinda 2008, akangoja hadi 2016 kushinda tena. Courtney Duncan wa New Zealand alikuwa na kasi ya ubingwa tangu 2016, majeraha na mikosi vikamnyima hadi 2019, kisha akachukua pia 2020, 2021 na 2023. Ninapoulizwa na wazazi kama binti wa miaka kumi na saba "amechelewa", huwatajia hao wawili wa mwisho, halafu nauliza kilo zake.

Pesa, na kuacha

Fedha za pikipiki usizimalize kwenye pikipiki. Nusu ya bajeti iende kwa mashine, iliyobaki mavazi, springi, filta, matairi na usafiri. Mwenye 125 ya miaka kumi iliyofungwa sawasawa kwa mwili wake atamsumbua mwenye mpya isiyoguswa. Mfadhili akija na stika, mwombe matairi badala ya fulana.

Mimi niliacha nilipotaka mtoto, na baada ya kumpata nikagundua kwamba ninapenda zaidi kupima mbonyeo wa wengine kuliko kungoja ubao wa sekunde tano. Ushindi wangu haukuwa mwingi. Ninachokumbuka kwa raha ni nyakati zangu kwenye kijitabu kile, zikishuka msimu baada ya msimu bila injini kuongezeka.

Siku yako ya kuacha ikifika, oshea mnunuzi filta, mwonyeshe saa za injini bila kupunguza, na mpe kijitabu cha mibofyo kama ni mwepesi kama wewe. Akiwa baba wa kilo tisini, panda juu ya kiti, shusha zile springi za kiwandani kutoka kabatini, umfungie. Zako zitoe ubaki nazo. Kuna binti wa kilo hamsini na kitu ambaye atazitafuta Nairobi nzima.